Chagua kilima kabla ya kuukabili mlima

KAKA yangu mkubwa alikuwa ameketi juu ya jiwe, kichwa amekiinamisha baina ya magoti, na kila nilipomwuliza jambo alinijibu neno moja tu: "Baridi."

Saa zilikuwa zimetimia tatu usiku katika kambi ya Mackinder, mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, upande wa Naro Moru wa Mlima Kenya. Siku mbili tu kabla ya hapo tulikuwa Malindi, tunakunywa kahawa ya tangawizi karibu na gati huku jamaa na marafiki wakitutania kwamba tuwaletee theluji ndani ya chupa ya chai. Sasa kaka hakuwa na hamu ya chai wala uji. Kichwa kilimgonga, alikuwa ametapika mara mbili, na macho yake yaliniangalia kana kwamba hanijui.

Mwongozaji wetu, mzaliwa wa huko huko Naro Moru, hakupoteza wakati kwa maswali mengi. Alimtaka kaka asimame atembee katika mstari ulionyooka, kila hatua kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Kaka alipepesuka kama mlevi, ilhali mtu huyo hajapata kuonja tembo maishani mwake.

"Bwana, tunashuka sasa hivi," mwongozaji aliniambia. "Mlima hautoroki. Mtaukuta hapa hapa."

Tulishuka usiku ule ule, tochi vichwani, tukipita katika kinamasi ambacho asubuhi tulikuwa tumekipanda kwa nyimbo na vicheko. Kaka alishikwa mkono huku na huku kama mtoto anayejifunza kutembea. Kulipopambazuka tulikuwa katika kituo cha Met, mita 3,050, na la kustaajabisha ni kwamba mgonjwa wetu aliketi kitako akauliza, "Chai iko wapi?" Hakuna daktari aliyemtibu wala dawa aliyoimeza. Kilichomwokoa ni kushuka.

Nimelisimulia tukio hili si kwa kuwatisha wasomaji wetu. Kila mwaka, hasa likizo ya Desemba na miezi mikavu ya Januari na Februari, vijana wa vyuo, makundi ya maofisi na hata familia nzima hufunga safari kwenda kukipanda kilele cha Lenana, ambacho kina mita 4,985. Wengine huvuka mpaka kwenda Kilimanjaro yenye mita 5,895. Ni jambo la fahari, na wa pwani hatuna sababu ya kuwaachia wengine. Swali ni hili: je, kabla ya kuukabili mlima kama huo, mtu ajipime kwa kilima gani?

Sisi tulilijibu swali hilo vibaya, na nusura tulipe kwa roho ya mtu.

Miguu ya ufuoni

Usidhani kwamba tulikwenda bila mazoezi. La hasha! Kwa miezi mitatu, kila Jumapili alfajiri, mimi na kaka tulitembea ufuoni kutoka Malindi hadi Mayungu na kurudi. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeloa jasho, na wavuvi waliokuwa wakivuta madau yao walituzoea hata wakatupachika jina la "wanajeshi". Tulijiona tumekomaa. Kaka, ambaye ni mwalimu na amekwishapita umri wa miaka arobaini, alipunguza kitambi na kununua suruali mpya.

Kosa letu lilikuwa wapi? Ufuo, msomaji, ni tambarare. Mtu aweza kutembea kutwa nzima pale na asipande hata urefu wa mnazi mmoja. Mazoezi yale yalitufunza kuvumilia jua na kiu, lakini hayakuyafunza mapaja kuinua mwili hatua baada ya hatua kwa saa tano, na hayakuyafunza magoti kuuzuia mwili huo usiporomoke wakati wa kurudi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulichanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: nguvu za miguu na mazoea ya hewa. Nguvu za miguu na moyo waweza kuzipata popote, hata Malindi. Mazoea ya hewa nyembamba hayapatikani kwa kukimbia wala kunyanyua vyuma. Hupatikana kwa kukaa juu, siku baada ya siku, mwili ukijirekebisha wenyewe.

Hewa yenyewe haibadiliki, kwani sehemu ya oksijeni ndani yake ni ile ile asilimia 21 pwani na kileleni. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Katika mwinuko wa Lenana kanieneo hiyo ni kidogo tu zaidi ya nusu ya ile ya Malindi, maana yake kila pumzi unayoivuta yakupa oksijeni karibu nusu ya uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kuhema haraka na moyo kupiga mbio. Ukiupa nafasi, hujipanga. Ukiuharakisha, hugoma. Dalili za mgomo huo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na usingizi kukimbia. Mgomo ukizidi, maji huweza kujaa mapafuni au ubongo kuvimba, na hapo mauti hayako mbali.

Wataalamu wa maradhi haya wana kanuni ambayo mtoto wa shule ya msingi aweza kuikariri: ukishapita mita 3,000, usiongeze mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku moja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Sasa tazama tulivyofanya sisi. Alhamisi jioni tulipanda basi Malindi, mahali ambapo mita za kuhesabu ni chache. Ijumaa usiku tulilala mita 3,050. Jumamosi usiku tulikuwa mita 4,200. Tuliichagua ratiba hiyo wenyewe kwa kuwa ilikuwa fupi na ya bei nafuu, na kaka alikuwa anatakiwa darasani Jumatano.

Kilima gani?

Tuliporejea Malindi, kaka aliwaambia watu kwamba alilishwa chakula kibaya njiani. Nilinyamaza, kwani mkubwa hasutwi mbele za watu. Lakini nyumbani mwake mlikuwa na mtu mmoja asiyedanganyika: binti yake, ambaye mwaka ule alikuwa kidato cha nne.

"Ami," aliniuliza siku moja, "nyinyi mlikwenda Mayungu mara ngapi kabla ya safari?"

"Mara kumi na mbili, mwanangu."

"Na Mayungu kuna mlima?"

Sikuwa na jibu. Binti huyo alikuwa tayari ameshaweka nia: akimaliza mtihani wake, atakwenda Lenana, na angependa baba yake aende naye. Kaka naye akaapa kwamba bintiye hatakanyaga kule bila yeye. Hivyo ndivyo tulivyoketi upya barazani, ramani mbele yetu, kutafuta mlima wa mazoezi.

Watu wengi huchagua kwa kuangalia umaarufu au ukaribu. Wengine huangalia urefu wa kilele ulioandikwa kwenye ramani. Njia zote hizo zaweza kumpotosha mtu. Jambo la kwanza kuangalia ni siku ngumu kuliko zote katika safari unayoikusudia, kisha utafute kilima kinachofanana na siku hiyo.

Kwa anayekwenda Lenana kupitia Sirimon, siku hiyo huanza kambi ya Shipton, mita 4,200. Watu huamka usiku wa manane, wakapanda karibu mita 800 gizani, wakalikuta jua kileleni, kisha wakashuka mita zile zile na zaidi kabla ya jioni. Kwa anayekwenda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, usiku wa mwisho ni mzito zaidi, kwani kutoka kibanda cha Kibo, kilicho karibu mita 4,700, hadi Uhuru kuna takribani mita 1,200 za kupanda.

Kwa hiyo mlima wa mazoezi ufikirie hivi. Kwanza, uwe na mita 800 hadi 1,000 za kupanda kwa mkupuo mmoja, bila kujali kilele chake ni mita ngapi. Kilima kilicho juu sana ambacho gari hukufikisha karibu na kilele hakikufunzi kitu. Pili, ukuweke miguuni saa saba au nane. Tatu, uwe na mteremko mkali wa kushukia, maana magoti huharibikia huko. Nne, njia yake iwe ya mawe na mizizi, si ya lami, ili buti zako zijulikane kama ni rafiki au adui. Tano, uwe mahali ambapo waweza kurudi nyuma bila aibu wala hatari.

Ngazi za hapa kwetu

Mkazi wa Malindi au Kilifi atasema, "Basi sisi tumekosa, maana kwetu hakuna milima." Ni kweli kwamba Mungu alitupa bahari akawapa wengine milima. Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kwetu zipo ngazi za kuanzia.

Ngazi ya kwanza ni vilima vya mchanga vya Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Kuvipanda na kuvishuka kwa saa moja, mchanga ukikurudisha nyuma kila hatua, huamsha misuli ya ndama za miguu ambayo ufuo tambarare huiacha ikilala. Ngazi ya pili ni Marafa, lile korongo la rangi nyekundu, nyeupe na ya machungwa ambalo wenyeji huliita Nyari. Kuteremka hadi chini na kupanda tena mara tano au sita ni zoezi zuri la magoti. Fika mapema asubuhi, kwani adhuhuri joto la mle ndani si la mzaha, na ufuate vijia vilivyowekwa maana kuta zake ni za udongo unaobomoka. Wa Kilifi wana kingo za mkondo wao pale Mnarani, penye mteremko wa kivuko kilichotumika kabla ya daraja kufunguliwa mwaka wa 1991.

Ngazi ya tatu ni Mwangea, kilima kilicho ndani kabisa, upande wa Ganze, chenye takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanakiheshimu, na inafaa kuomba ruhusa na kuongozwa na mtu wa hapo, sawa na inavyotakiwa katika misitu yetu ya Kaya. Mwangea hakitoshi kuwa mtihani wa mwisho, lakini ndicho kilichotufunulia mambo ambayo Mayungu hapakutuonyesha kamwe. Mimi niligundua kuwa buti zangu zilinibana vidole wakati wa kushuka. Binti alijua kwamba soksi mbili ni bora kuliko moja. Kaka alishuka akiwa kimya, akasema amechoka tu.

Safari hizo tulizipanga ndani ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza Mambrui na Marafa, mwezi wa pili Mwangea mara mbili, tukibeba shanta zenye uzito wa kilo tano hadi nane. Uzito wetu ulikuwa dumu la maji la lita tano. Faida yake ni kwamba ukifika juu waweza kuyamwaga maji ukashuka mwepesi, na magoti yakakushukuru. Mwezi wa tatu tuliuweka kwa ajili ya mtihani wenyewe.

Kasigau, mtihani wa mtu wa pwani

Mtihani huo ni mlima Kasigau katika kaunti ya Taita Taveta. Kilele chake ni mita 1,641 tu, na msomaji aliyezoea kutazama urefu peke yake aweza kuucheka. Lakini mlima huu umesimama peke yake katika nyika tambarare, na vijiji vinavyouzunguka kama vile Rukanga, Jora na Bungule viko katika mwinuko wa mita mia sita hivi. Hesabu mwenyewe: ni karibu mita 1,000 za kupanda kwa mkupuo mmoja, kisha zile zile za kushuka. Kwa miguu, hiyo ni zaidi ya siku ya Lenana. Na kwa kuwa hakuna hewa nyembamba pale, mtu aweza kuupima mwili wake bila kuuhatarisha ubongo.

Kutoka Malindi unakwenda Mombasa, unashika barabara ya Nairobi hadi Maungu, kabla ya kufika Voi, kisha unachepuka kushoto kuelekea Rukanga. Usijaribu kutembea nyikani peke yako, kwani ndovu wa Tsavo hupita huko, na juu msituni ukungu huweza kukupoteza. Tafuta mwongozaji wa kijijini.

Wa kwetu alikuwa mzee mwembamba aliyepanda kama mbuzi. Aliposikia tumetoka Malindi, alicheka kidogo. "Malindi? Wazee wetu walikaa kwenu," alisema. "Hawakwenda kwa kupenda."

Ni historia ambayo wengi wetu hatuifahamu. Mnamo 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliokuwa Tanganyika walishambulia Kasigau. Waingereza wakawatuhumu wenyeji kwamba waliwasaidia maadui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani, wasiozoea joto na maradhi ya pwani, walifariki kwa wingi. Waliosalia hawakurejea mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Nilipanda nikiwaza juu ya watu hao. Kuhamishwa ghafla kutoka juu kwenda chini kuliwaangamiza wao, na sisi kukimbilia juu kutoka chini nusura kutuangamize. Ila sisi tulijitakia.

Kuna jambo jingine linalouunganisha mlima huu na kaunti ya Kilifi. Johannes Rebmann, mmishonari aliyeishi Rabai, alifunga safari yake ya kwanza ya bara mwaka wa 1847, naye akafika Kadiaro, mlima ambao ndio Kasigau hii. Mwaka uliofuata aliondoka tena Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona Kilimanjaro na weupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, jibu alilopewa lilikuwa "baridi". Wataalamu wa jiografia kule London walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kuwepo karibu na ikweta. Rebmann hakwenda Kasigau kufanya mazoezi. Hata hivyo, tangu zama hizo safari ya kutoka nyumba za Rabai hadi mlima wa theluji ilipitia kilima kidogo kwanza.

Turudi kwetu. Kupanda kulituchukua saa nne na nusu. Msitu wa juu ulikuwa umelowa ukungu, na binti wa kaka aliyezoea jua la Malindi alivaa sweta kwa mara ya kwanza katika maisha yake bila kulazimishwa. Kaka alipanda vizuri, pumzi yake nzuri kuliko yangu. Nilimwona akitabasamu kileleni.

Kushuka ndiko kulikotoa majibu. Tulipofika nusu ya mteremko, goti lake la kulia lilianza kumsaliti. Alishuka kwa ubavu, kisha kwa fimbo, kisha kwa kushikilia bega la binti yake. Saa tatu tulizokadiria zilikuwa saa tano na nusu. Tulifika kijijini giza limeshaingia. Usiku ule hakuna aliyezungumza sana.

Hewa nayo ina darasa lake

Kabla sijaeleza yaliyofuata, ni lazima niseme neno kuhusu darasa la pili, lile la hewa. Kasigau, Shimba, na hata Vuria katika milima ya Taita yenye mita 2,208, haziwezi kukufunza hewa ya mita 4,000. Walio Nairobi wana Ngong na Longonot, ambayo kilele chake ni mita 2,776, na wanaotaka zaidi huenda Satima katika safu ya Aberdare, mita 4,001. Ni mazoezi mazuri. Tatizo ni kwamba mazoea ya mwinuko hayawekwi akiba. Ukikaa juu kisha ukarudi Malindi wiki mbili au tatu, mwili huwa umekwishayasahau.

Kwa hiyo mtu wa pwani asiende Satima mwezi wa Oktoba akidhani itamsaidia Desemba. Mlima wa hewa, ukiupata, uunganishe na safari yenyewe, siku chache tu kabla. Usipopata nafasi, basi nunua siku. Badala ya kukodi gari la kukupeleka juu haraka, lipia usiku mmoja au miwili zaidi kambini. Fedha zilizotufaa kuliko zote katika safari ya pili ni zile za kulala bila kwenda popote.

Baridi nayo haina mazoezi pwani. Joto hupungua kwa takribani nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo siku ambayo Malindi ni nyuzi 28, Lenana huenda ikawa chini ya sufuri hata kabla ya upepo kuvuma. Boshori, glovu, koti la mvua na nguo kavu za kulalia si mapambo. Mitumba ya sokoni Malindi ina glovu nyingi za bei rahisi, kwani hakuna anayezinunua.

Isitoshe, wako wasiostahili kwenda bila kumwona daktari kwanza: wenye maradhi ya moyo au mapafu, wajawazito, na wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Hapa pwani naongeza selimundu, maradhi yaliyo katika jamaa zetu nyingi. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kabisa kujaribu mwinuko huo, na hata aliyerithi chembe zake bila kuugua inafaa amweleze daktari kabla ya safari. Dawa iitwayo asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini itumiwe kwa ushauri wa daktari, wala isifanywe tikiti ya kukimbilia juu.

Aliyebaki

Wiki moja baada ya Kasigau, kaka aliniita kwake. Alikuwa amekwenda hospitalini, akaambiwa gegedu ya goti imelika na kwamba mteremko mrefu ungemwacha kilema. Mbele yake mezani aliweka glovu zake nyeusi.

"Mpe mtoto," alisema. "Zangu ni nzito kuliko zake."

"Kaka, twaweza kungoja mwakani."

"Mwakani goti litakuwa jipya?" Alitabasamu. "Lile jabali la Kasigau limeniambia ukweli mchana, karibu na barabara, mwanangu akiwa kando yangu. Lenana ingeniambia usiku, nami niko juu."

Nilifikiri binti angelia. Hakulia. Alimbusu babake mkono, akazichukua glovu.

Tulikwenda Februari. Tulilala Nanyuki usiku mmoja, karibu mita 1,900, Old Moses yenye mita 3,300 tukalala mara mbili, na Shipton mara mbili. Siku za mapumziko tulipanda kidogo mchana na kurudi chini kulala. Hata hivyo hatua ile ya kutoka Old Moses hadi Shipton ni ndefu kuliko kanuni inavyotaka, na jioni ya kwanza kichwa kiliniuma. Nilimwambia mwongozaji mara moja, bila kuona haya. Asubuhi ya pili maumivu yalikuwa yametoweka.

Saa tisa za usiku wa mwisho tulianza kupanda. Sikumbuki mengi ila sauti ya changarawe, mwanga wa tochi kwenye visigino vya binti mbele yangu, na mwongozaji akituambia "pole pole" kila tulipojaribu kujifanya mashujaa. Miguu haikutusaliti. Iliijua kazi ile, kwani ilikwisha kuifanya Kasigau. Jua lilipochomoza, binti wa Malindi alisimama mita 4,985 juu ya bahari aliyozaliwa kando yake, mikono yake imemezwa na glovu za baba yake.

Tuliporudi, kaka alitungoja kituoni cha basi akiwa na fimbo. Bintiye alimkabidhi glovu. Akazigeuza-geuza, akazinusa, akauliza swali moja tu: "Kushuka je?"

"Kushuka kulikuwa rahisi, baba," alijibu. "Si tulikwisha kushuka?"

Basi, msomaji, iwapo wewe na jamaa yako mna nia ya kuupanda mlima mkubwa, msianze kwa kununua buti wala kulipia lango. Anzeni kwa kutafuta kilima kilicho na mita nyingi za kupanda na mteremko wa kweli, mkipande kwa mzigo, mkishuke kabla ya giza, kisha mketi pamoja mwambiane ukweli. Akionekana wa kwenda, aende. Akionekana wa kubaki, abaki kwa heshima, maana mwenye kuujua mpaka wake hakushindwa. Na walio juu wakumbuke maneno ya yule mwongozaji wa Naro Moru: mlima hautoroki.